Msafara wa Pikipiki kwa Ajili ya Askari Waliopofuka Vitani

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Durban, Afrika Kusini



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana tukiwa salama. Tumetoka Tanga, Mombasa, Unguja, Maskati, London na Toronto. Wako tulioachana utotoni, na wako ambao ndio kwanza tunaonana leo. Kwa niaba ya tawi la Durban nawakaribisha nyote. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Nasi kwa kuja kwenu tumepona.

Kamati imenitaka nieleze jinsi sisi wa Durban tulivyoandaa msafara wa pikipiki wa kuwachangia askari waliopofuka vitani, na nitoe hesabu ya fedha zenu mlizotuma. Hesabu nitaitoa. Lakini iko hesabu nyingine ninayodaiwa tangu mwaka 1979, na wadai wangu ni nyinyi. Naomba ruhusa yenu niianze hiyo.

Wengi wenu mlimjua Babu yetu wa Ngamiani, na wale ambao hamkumwona mmesikia habari zake. Aliingia Keya akiwa kijana, akapelekwa Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 divisheni hiyo iliwafuatia Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, mahali ambapo malaria ililaza watu wengi kama risasi zilivyowalaza. Huko ndiko kombora lilikopasuka karibu naye likamwondolea nuru ya macho yote mawili. Alirudi Tanga mwaka 1946 akiwa na koti la jeshi na fimbo. Barua alizoandikiwa na wanawe za kuomba malipo ya kilema zilijibiwa mara mbili, kisha hazikujibiwa tena. Akajifunza mwenyewe kusokota kamba za katani, na kwa kamba hizo akawasomesha wazazi wetu.

Kila mjukuu wa kiume alipotimiza miaka minane alikabidhiwa ile fimbo. Babu alishika ncha moja, mtoto alishika ncha ya pili na kutangulia. Zamu yangu ilipofika nilimpeleka msikitini kila Ijumaa na kumrudisha nyumbani. Ijumaa moja ya mwaka 1979, nilipokuwa na miaka 11, tulikuwa tumesimama kando ya barabara baada ya sala ukapita msafara wa kiongozi mmoja, umetanguliwa na pikipiki za polisi. Sikuwa nimepata kuona pikipiki zikienda kwa safu namna ile. Niliiachia fimbo nikazikimbilia pamoja na watoto wenzangu mpaka bandarini, na huko tukabaki kucheza.

Nilipomkumbuka Babu jua lilikuwa linakuchwa. Nilimkuta pale pale nilipomwacha. Amesimama, fimbo ameishika kwa mikono miwili, na ile ncha yangu imeelekea barabarani. Wapita njia walikuwa wametaka kumfikisha nyumbani, akawakatalia, akisema ana mjukuu wake anakuja. Nilitazamia kuchapwa. Aliniuliza tu, “Zilikuwa ngapi?” Nikamwambia sikuzihesabu. Akasema, “Mimi nimehesabu sita.” Nikashika fimbo tukaenda zetu.

Hakumwambia mtu yeyote nyumbani. Alifariki mwaka 1984, Mungu amrehemu. Nami sijapata kulisema jambo hili mbele ya watu mpaka leo.

Ndugu zangu, nilikuja Durban mwaka 1996 nikafungua karakana ya kutengeneza pikipiki. Yafaa nieleze kwa nini jambo hili lilizaliwa katika mji huu.

Kwanza ni kwa sababu ya watu wake. Hapa Durban wako wanaoitwa Wazanzibari. Wazee wao, wengi wao Wamakua, walikuwa watumwa waliookolewa majahazini na manowari za Kiingereza, wakateremshwa hapa kuanzia mwaka 1873. Walikaa Bluff, kwenye ardhi iliyonunuliwa na wadhamini wa msikiti wa Juma, mpaka serikali ya ubaguzi ilipowahamisha kwa nguvu kwenda Chatsworth katika miaka ya 1960. Hao ndio walionipokea mgeni, ndio walioniozesha binti yao, na vijana wao ndio waliokuwa wa kwanza kuniambia, “Pikipiki tunazo, tuambie tu siku.”

Pili ni kwa sababu ya barabara yake. Katika barabara ya zamani baina ya Durban na Pietermaritzburg, yenye urefu wa karibu kilomita 90, maelfu ya watu hukimbia kila mwaka mbio ziitwazo Comrades. Mwanzilishi wake, Vic Clapham, alikuwa askari wa Vita Kuu ya Kwanza, na vita vyake alivipigana kwetu, katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, akimwandama von Lettow-Vorbeck kwa miguu. Alipotaka kuwakumbuka wenzake waliokufa hakuomba sanamu ya shaba. Aliomba watu wakubali kutaabika kidogo kama walivyotaabika wale. Tarehe 24 Mei 1921 watu 34 waliondoka Pietermaritzburg kuja Durban. Waliomaliza ni 16. Kwa hiyo barabara hii ina vumbi la kwetu. Kila niipitapo huwakumbuka pia wapagazi wetu wa Kariakoo waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita hivyo hivyo, ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Tatu ni kwa sababu ya kazi iliyokwisha kuanzwa na wengine. Mwaka 1915 Arthur Pearson, mwenye magazeti wa London aliyepofuka kwa presha ya macho, alifungua nyumba ya St Dunstan's kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Hakutaka wahurumiwe, alitaka wafundishwe: kusoma kwa vidole, kupiga taipu, kufuga kuku, kukanda viungo vya wagonjwa. Aliyeshika uongozi tangu mwaka 1921 ni Ian Fraser, mtu aliyelelewa Afrika Kusini na kupofuka katika mapigano ya Somme mwaka 1916. Kazi hiyo ikaenea hadi Afrika Kusini. Hata kwetu haikukosekana: mwaka 1946, huko Thika, Kenya, Jeshi la Wokovu lilianza kuwafunza askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Pili, na mahali hapo pakawa shule ya kwanza ya wasioona nchini Kenya.

Kila niutajapo mwaka huo wa 1946 moyo huniuma, maana ndio aliorudi Babu. Tanga na Thika si mbali kiasi cha kushindikana. Hakuna aliyemwambia, wala sisi hatukuuliza.

Sasa nije kwenye msafara wenyewe.

Msafara wa kwanza tuliufanya tarehe 24 Septemba 2023, ambayo hapa ni Siku ya Urithi. Tulipata pikipiki 37. Kibali cha manispaa ya eThekwini kilipatikana, polisi wa barabarani wakakubali kutusindikiza, gari la wagonjwa likawapo, na mafundi wawili wakafuata nyuma na vipuri. Kila mwendeshaji alilipa rand 250, na jamaa na maduka wakaongeza. Tuliwaalika askari saba wasioona. Tuliwaketisha kwenye jukwaa ufukweni, juani, chini ya bango kubwa. Zikatolewa hotuba, na mimi nilitoa yangu. Watu wakapiga makofi. Kisha tukawasha pikipiki tukaondoka kwenda Pietermaritzburg.

Tulirudi baada ya saa tano. Wageni wetu walikuwa bado wapo pale jukwaani, kwa kuwa sisi tuliowaleta ndio tuliokuwa na njia ya kuwarudisha, na katika mipango yetu yote hakuna aliyekuwa amelifikiri hilo. Mmoja wao alikuwa amesimama, fimbo yake nyeupe ameishika kwa mikono miwili. Aliposikia nakaribia akaniuliza, kwa Kiswahili safi, “Mmeburudika?”

Ndugu zangu, sikuweza kujibu. Nilikuwa na miaka 55, na nilikuwa nimemwacha Babu kando ya barabara mara ya pili.

Mzee yule ni Mzulu wa hapa Natal. Kiswahili alijifunza Morogoro, katika shule ya ANC iliyoanzishwa Mazimbu mwaka 1978. Kutoka huko alikwenda Angola katika jeshi la Umkhonto we Sizwe, na katika mafunzo bomu likamlipukia. Juma lililofuata nilikwenda kwake kuomba radhi. Alinikaribisha chai, akaniambia, “Msaada wenu nimeupokea, na nashukuru. Lakini niliposikia pikipiki zinawashwa nilidhani nami nakwenda.”

Kisha akasimama akanifundisha jambo ambalo yafaa kila mmoja wetu alijue. Unapomwongoza mtu asiyeona, usimkamate mkono na kumvuta. Mpe kiwiko. Akushike yeye, juu kidogo ya kiwiko, naye awe nyuma yako kwa nusu hatua. Hapo mwili wako utamwambia kila kitu: ngazi, kona, kusimama. “Nikikushika mimi,” alisema, “naweza kukuachia nikitaka. Ukinishika wewe, mimi ni mzigo wako.” Tukazunguka ua wa nyumba yake mara tatu, nami niliyekuwa na macho nikasahihishwa kila hatua.

Nikamwambia, basi abiria wa nyuma wa pikipiki hushika hivyo hivyo. Akacheka, akasema alikuwa akisubiri nifike hapo.

Maandalizi ya mwaka 2024 tuliyaanza kwa kuwauliza wenyewe. Kati ya wale saba, watano walitaka kupanda pikipiki. Mmoja alitaka kufuata kwa gari. Mmoja alisema kelele za injini alizosikia jeshini zamtosha umri wake wote, akaomba tumletee picha azieleze mkewe. Tulikubali yote. Waliotaka kupanda walipata ruhusa ya daktari, kofia ngumu, koti na viatu vya kufunika vifundo. Kwa Jumapili tatu tulifanya mazoezi katika uwanja wa Chatsworth. Tuliwekeana kanuni: mwendo usizidi kilomita 60 kwa saa, kupigwa bega mara moja maana yake punguza, mara mbili maana yake simama, na kwenye kona abiria afuate mwili wa mwendeshaji, asiupinge.

Wao ndio waliochagua waendeshaji. Kila mmoja alizungushwa uwanjani na watu kadhaa, kisha akasema anamtaka nani. Mimi nilikataliwa. Mzee wangu wa Morogoro aliniambia kwamba breki zangu zina hasira, akamchagua shemeji yangu. Kwa hiyo mkisikia shemeji anajisifu, mwacheni ajisifu, anayo haki.

Tarehe 24 Septemba 2024 tuliondoka Durban asubuhi. Tulipita Pinetown, tukapanda Field's Hill kwa gia ndogo, tukapita Hillcrest na Botha's Hill, tukasimama Drummond, penye ukuta wa kumbukumbu ya wakimbiaji wa Comrades. Kutoka hapo huonekana Bonde la Vilima Elfu. Tukanywa chai.

Miongoni mwa abiria alikuwamo Mzungu mmoja ambaye wakati wa serikali ya zamani aliandikishwa jeshini kwa lazima, kama vijana wote wa Kizungu wa siku zile, akapofushwa na bomu la ardhini katika mpaka wa Angola. Sheria ya Maveterani ya mwaka 2011 inawatambua yeye na mzee wangu sawasawa, askari wa serikali ya zamani na wapigania uhuru. Lakini sheria haiwezi kuwaketisha watu kwenye benchi moja. Pale Drummond waliketi. Wakagundua kuwa walikuwa Angola mwaka mmoja, katika pande mbili. Sikuwasikia wakiombana msamaha, wala sikuwasikia wakigombana. Waliulizana habari za mvua za huko, na matope, na chakula.

Kijana wetu mmoja wa Toronto, aliyekuja likizo, akaanza kuwaeleza kwa adabu jinsi bonde linavyoonekana. Wakamsikiliza kidogo, kisha wakaanza kumsahihisha. Mzee wa Morogoro alizaliwa ndani ya bonde lile, na yule Mzungu aliletwa pale na baba yake kila Pasaka alipokuwa mtoto. Walitaja vijiji, mto, na mahali ukungu unapoanzia kupanda asubuhi. Kijana akanyamaza akawa anatazama kule wanakoonyesha. Alikuwa na macho mazuri, lakini hakuwa ameyaona hayo.

Inchanga pikipiki moja ilipata pancha, tukaiziba. Hakuna aliyeumia. Tulifika Pietermaritzburg adhuhuri, na jioni kila mtu alikuwa amefikishwa mlangoni kwake.

Hesabu ni hii. Mwaka 2023 tulitumia rand 9,000 kwa jukwaa na bango, vitu ambavyo wageni wetu hawakuvihitaji. Kosa hilo ni langu na limeandikwa katika daftari. Mwaka 2024 mapato yote, pamoja na michango yenu ya nje, yalikuwa rand 58,900. Matumizi ya msafara, yaani kibali, mafuta ya magari, kofia, chai na gari la wagonjwa, yalikuwa rand 13,450. Zilibaki rand 45,450. Kati ya hizo, rand 24,500 zilinunua simu saba zinazosoma maandishi kwa sauti. Rand 4,200 zilinunua fimbo nyeupe 14. Na rand 16,750 zimewekwa kwa nauli za kwenda hospitali na ofisini. Stakabadhi zote ziko kwa mtunza hazina, na kila mwanaukoo ana haki ya kuziona.

Lakini jambo lililowafaa kuliko fedha halikutugharimu kitu. Tuligundua kwamba watatu kati yao walikuwa na haki ambazo hawakuwa wamezidai, kwa sababu fomu hutaka mtu wa kuzisoma, na watoto wao wanakaa mbali. Sasa binti zetu wawili huenda kwao kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, huwasomea barua na kuwaandikia majibu. Mmoja amekwisha kupata alichostahili. Nilipoiona barua yake nilizikumbuka zile barua za Babu zilizokosa majibu.

Kwa hiyo, wazee wangu na ndugu zangu, ninayo maombi matatu.

La kwanza, kila tawi litafute katika masanduku ya nyumbani karatasi za Babu na za wazee wetu wengine waliokuwa Keya: vyeti, medali, picha, hata bahasha tupu. Mpelekeeni katibu nakala. Wajukuu zetu wasije wakaambiwa tu kwamba tulikuwa na babu kipofu. Waambiwe alipofukia wapi, mwaka gani, na nani alimtuma.

La pili, kila tawi, popote lilipo, limtafute mzee mmoja asiyeona, awe alikuwa askari au asiwe, na lipange zamu ya kumsomea barua zake. Hakuna mji usio na mzee kama huyo. Na mkienda, mpeni kiwiko.

La tatu ni mchango kwa msafara unaofuata, Siku ya Urithi ijayo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Aliye na pauni atoe, aliye na riali atoe, na aliye na shilingi moja ya Tanzania asione haya. Na vijana wenye leseni ya pikipiki wajiandikishe leo, ila wajue kwamba watajaribiwa uwanjani, na wanaojaribu si watu wa kubembelezwa.

Nimalizie deni langu. Babu aliniuliza zilikuwa ngapi, nami nikashindwa kumjibu. Safari hii nilikaa nyuma kabisa ya msafara kwa kuwa sikuwa na abiria, na pale barabara inapopinda kupanda Botha's Hill niliziona zote mbele yangu, nikazihesabu moja moja. Zilikuwa 41.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotutangulia, awape afya walio hai, na atukutanishe tena kwa heri.